Flajela zimeongezeka, mbona bakteria hawaendi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimefuta jeni ya fleN, inayodhibiti idadi ya flajela (nyuzi za kuogelea), kwenye bakteria Pseudomonas aeruginosa. Kwenye hadubini ya elektroni seli nyingi sasa zina flajela kadhaa kwenye ncha moja, mwanzo ilikuwa moja tu. Lakini kwenye aga laini (jeli ambamo bakteria huogelea wakisambaa na kuacha duara) duara limekuwa dogo kuliko la bakteria wa kawaida. Si walitakiwa waende kasi zaidi? Nimeharibu wapi?

JIBU: Marahaba. Hujaharibu kitu, matokeo kama yako yalishachapishwa tangu 2000. FleN, protini ya jeni hiyo, ndo breki ya FleQ, protini inayowasha jeni za flajela, sasa umeng'oa breki, FleQ anawasha tu. Na zimebaki palepale nchani kwa sababu FlhF, protini inayochagua mahali pa kuota flajela, hujamgusa.

Kinachonichosha ni hilo la flajela nyingi basi kasi zaidi. Naulizwa mpaka basi. Jamani haya sio makasia kwamba ukiongeza wapiga kasia ngalawa inaruka! Kila flajela ina mota yake, mwenye moja akigeuza mota anarudi nyuma, kazi imeisha, ila zikiwa tano nchani na kila mota ikaamua kugeuka kwa wakati wake, hii inavuta ile inasukuma, seli inabaki inatetema palepale. Hata E. koli aliyezoea kuwa nazo nyingi anazikusanya fungu moja nyuma, na ukimwongezea nyuzi kwenye fungu kasi haipandi kivile.

Halafu duara la aga sio spidomita. Pale kuna kuogelea, kuna kukua, kuna kufuata chakula, vyote vimechanganyika. Chukua tone la bakteria hai uwaangalie wenyewe wakienda, na usiwazungushe kwenye sentrifyuji kwa nguvu maana flajela zinakatika halafu unakuja kuniambia hawana.

Kosa lingine: mtu anarudisha fleN kwa plasmidi (kipande cha DNA cha kubebea jeni) yenye promota kali, yaani swichi inayoiwasha jeni kwa nguvu, protini inafurika, flajela zinapotea kabisa, anaandika eti jeni ni sumu. Sio sumu, umekanyaga breki mpaka chini! Irudishe kwa kiwango chake cha asili.

Ila wanaonitia hasira kabisa ni wa kompyuta tupu. Programu ikisema jenomu (DNA yote ya bakteria) ina flhF na flhG (fleN yako ni huyohuyo flhG kwa jina lingine) mtu anatangaza bakteria huyu ana flajela moja nchani. Bacillus subtilis anazo zote mbili na flajela zake zimetapakaa mwilini. Campylobacter jejuni anazo, anaweka flajela moja kila ncha, na ukimfutia flhG hata kugawanyika kunavurugika, unapata viseli vidogo visivyo na DNA. E. koli hana hata moja kati ya jeni hizo na flajela anazo. Nimesoma tasnifu yenye mchoro mzuri wa flajela wenye rangi, nikamuuliza mwenyewe umeziona kwa hadubini, akaniambia hadubini hajagusa.