Nyigu Kanywa Maji

Mhariri, assalaam aleykum. Wiki iliyopita mliuliza: "Ni chombo gani unacho tangu zamani, na kimekuletea nani?" Najua wengi watakujibuni kwa redio, cherehani au baiskeli ya marehemu baba. Mimi nina vespa. Ni PX 150, nyeupe iliyopakwa buluu na kuanza kurudi nyeupe yenyewe, na ninayo tangu 1986. Waliokuja nayo nimewahesabu kumi na moja. Tuliobaki ni sita.

Mimi ni maalim mstaafu wa skuli, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja. Katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, bidhaa zilianza kumiminika kutoka Dubai, na pamoja na vitambaa na kaseti zikaja vespa zilizokwishatumika. Yangu niliinunua kwa mtu wa Malindi, ina kovu refu shavu la kulia, yaani bati la ubavuni, na kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Sikuichagua kwa ujuzi. Niliitaka kwa kuwa naweza kuipanda na kanzu. Pikipiki inakutaka urushe mguu kama unapanda punda. Vespa unaingia kama unavyoingia mlangoni, unakaa, na hapo chini palipo bapa unaweka gunia la mchele, mtungi wa gesi au kapu la samaki. Mke wangu akikaa nyuma kwa upande na buibui lake, hana wasiwasi. Vijana wanaowakodisha watalii watakwambia watu wanaipenda kwa urembo. Urembo upo, lakini jaribu kwenda Ijumaa na kanzu iliyopigwa pasi juu ya pikipiki yenye tangi katikati ya magoti.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba ndivyo hasa alivyokusudia aliyeibuni. Corradino D'Ascanio alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda hata kidogo: zinachafua nguo, na tairi likitoboka ni kazi kulitoa. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kilikuwa kikitengeneza ndege, kikapigwa mabomu vitani, na baada ya vita kikatafuta kitu cha kuwauzia watu wasio na pesa. Mwaka 1946 kikatoa chombo ambacho gurudumu lake la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama gurudumu la ndege, ulichomoe upesi. Enrico Piaggio alipoiona akasema inafanana na nyigu. Kwa Kitaliano nyigu ni vespa.

Jina hilo nilikuwa nimeshalisikia bila ya kitabu. Masika ya 1987 nilizimikiwa Mwanakwerekwe, pale maji yanapotuama hadi watu wanasema ni ziwa. Nimepiga kiki mpaka goti limekufa ganzi. Akaja mtu na vespa yake ya kijani, akasimama, hata salamu hakutoa. Alifungua shavu la injini, akachomoa plagi, akaipuliza, akaifuta kwa ncha ya shati lake, kisha akaishika juu ya kiberiti kama mtu anayechoma karanga. Akasema, "Nyigu wako kanywa maji, Maalim." Umaalim wangu aliujuaje? Alicheka: "Nani mwengine atakuja kazini na mvua hii?" Kiki ya pili ikawaka. Nilipotaka kumpa chochote aliondoka, na siku ya tatu nikamkuta barazani kwangu anakunywa kahawa na jirani, kana kwamba kazaliwa hapo.

Huyo ndiye wa kwanza. Wengine walikuja vivyo hivyo, kila mmoja kwa kuharibikiwa au kwa kumkuta mwenzake kaharibikiwa. Hatukuwahi kuwa na chama, wala daftari, wala mwenyekiti. Kulikuwa na baraza moja Kikwajuni, muuza kahawa mmoja, na Ijumaa baada ya Alasiri vespa zinapangwa ukutani kila moja imelalia stendi yake. Ukikosa wiki mbili, mtu anakuja kwako kuuliza una homa au umepata gari.

Kilichotufunga zaidi, ukiniuliza mimi, kilikuwa spana. Nati za magurudumu zinataka namba kumi na tatu. Mimi nilikuwa nayo nzuri, nimeirithi. Spana ya plagi alikuwa nayo mtu wa vespa ya kijani. Pampu ilikuwa kwa mwengine, kebo ya klachi ya akiba kwa mwengine, anayeletewa na nduguye aliyeko Muscat. Hapana aliyekuwa na vyote, na kwa miaka hapana aliyejishughulisha kuvinunua vyote. Kwa hivyo tukienda shamba tunakwenda wote: Chwaka kufuata samaki, Makunduchi mwezi wa Julai kwenye Mwaka Kogwa kuwatazama watu wanavyopigana kwa migomba, na njiani Jozani tunapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara bila ya kuangalia kulia wala kushoto. Siku moja tairi langu la nyuma lilipasuka karibu na Kitogani. Nikafungua nati, nikatoa la akiba kutoka ndani ya shavu la kushoto, nikalivika. La mbele na la nyuma ni saizi moja, huna haja ya kuchagua. Nilipoinua uso wenzangu wote walikuwa wamesimama wananitolea makosa. Hata mmoja hakushika kitu. Mtu wa kijani alisema nimefunga nati kwa mduara badala ya kukingamanisha, na alisema kweli.

Tuligombana pia, na sana. Ugomvi mkubwa ulikuwa oili. Injini hii inataka petroli ichanganywe na oili asilimia mbili, yaani lita tano kwa mililita 100. Fundi wetu alisema asilimia mbili ni ya Wazungu wenye baridi, sisi tuongeze. Walioongeza walikwenda na moshi nyuma kama chetezo, na plagi zao kila mwezi nyeusi ti. Mimi nilishika kitabu. Kipimo changu kilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100, ambayo kila mtu akaiga, akaiweka ndani ya kisanduku cha mbele. Usiku mmoja mjukuu kakohoa na mke wangu akaenda kuitafuta chupa gizani. Aliinusa kwanza, namshukuru Mungu. Tangu hapo chupa yangu ina uzi mwekundu shingoni.

Ugomvi wa pili ulikuwa juu ya Chetak. Bajaj wa India walikuwa wakitengeneza vespa kwa ruhusa ya Piaggio, kisha mwaka 1972 wakaanza kutoa ya kwao, wakaipa jina la farasi wa mfalme wa Rajput. Mmoja wetu anayo. Kwa miaka tulimwambia ni mgeni, akae mwisho wa mstari. Yake ndiyo iliyokuwa haiharibiki, na hilo ndilo lililotuudhi zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nisingeliandika kama msingeuliza. Disemba 2009 Unguja ilikatikiwa na umeme, haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Mji wote majenereta na vibatari, maji ya kuchota. Katika giza hilo mama yake fundi wetu akafariki, jioni, na wanawe wakataka azikwe usiku ule ule baada ya Isha. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa nusu kwa mwanga wa tochi mbili zinazokaribia kufa. Hakuna aliyetoa amri. Tulizipitisha vespa baina ya makaburi polepole, tunazisukuma kwa mkono, tukazipanga nusu duara kama tunavyozipanga ukutani Kikwajuni, tukaziwasha.

Asiyezijua hatofahamu. Vespa zetu taa haziwaki kwa betri. Umeme unatoka kwenye injini inavyozunguka. Ukiiacha ipumue yenyewe taa inakuwa kama kaa la moto, ukivuta mafuta inang'ara. Basi tulisimama kila mtu na mkono wake wa kulia kwenye mshikio, tunavuta na kuachia kwa zamu injini zisichemke, na mwanga juu ya udongo ukawa unapanda na kushuka. Moshi wa oili ukajaa. Wa Chetak alikuwepo katikati ya mstari, na sikumbuki nani alimwambia aje pale. Marehemu alipokwisha kufukiwa imamu alinyoosha mkono, tuzime, asikike. Tukazima zote pamoja. Talqini na dua zilisomwa gizani, na vyuma vikipoa, tik, tik, tik.

Tangu usiku ule fundi hakutoza mtu pesa ya kazi, ila ya spea. Tukigombana naye juu ya oili anasema, "Nyinyi semeni tu." Asilimia mbili hakuikubali mpaka leo.

Mwanangu ana skuta mpya isiyo na gia, haichanganywi oili, unabonyeza kitufe tu. Ni nzuri, naikubali. Nilimuuliza imeshawahi kumzimikia njiani, akasema hata mara moja. Nikamuuliza anawajua wangapi wenye skuta kama yake. Aliniangalia kama nimemuuliza anawajua wangapi wenye jokofu.

Mtu wa vespa ya kijani alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Mjane wake hakutaka kuiuza. Alituomba jambo moja, isikamate injini, kwa hivyo Ijumaa kabla ya kwenda barazani tunapita kwake, tunafungua mafuta, tunapiga kiki, tunaiacha ingurume dakika chache ndani ya ua, kuku wanakimbia. Mjukuu wake wa miaka kumi na sita ameanza kushika klachi. Hajaweza kuipata huru, ile nafasi nyembamba baina ya gia ya kwanza na ya pili. Mkono wake una haraka, unaruka. Ijumaa iliyopita ilikataa kuwaka kabisa. Alipofika kiki ya nane akataka kukaa chini. Nikachomoa plagi, imelowa. Nikatafuta kiberiti mfukoni, sina. Yule kijana akakimbia jikoni kwa bibi yake akakileta, akaishika plagi mwenyewe juu ya moto, vidole vinamuungua hasemi. Ikawaka kiki ya tisa.