Maswali ya Wasomaji: Data Ipi Inafaa kwa Programu ya Maonyesho?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni kijana niliyejifunza kutengeneza programu za wavuti kwa miaka miwili hapa Moshi, na baada ya wiki tatu nitapewa nusu saa mbele ya viongozi wa vyama vya ushirika vya msingi ili niwaonyeshe ninachoweza kuwafanyia. Ninataka programu yenye ramani, kisanduku cha kutafutia na chati moja au mbili, lakini sina data. Walionifundisha walitumia data za maua. Katika flashi yangu ninayo pia orodha ya wanachama wa SACCOS moja niliyowahi kuitengenezea kompyuta, yenye majina, namba za simu na mikopo, na nimefikiria kufuta majina kisha niitumie. Rafiki yangu ananishauri nichukue data za vituo vya kuchotea maji vya Tanzania zinazopatikana mtandaoni. Nichague ipi? – Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hiyo flashi, kwa sababu ndiyo yenye hatari. Orodha ile ulipewa ili kompyuta ipone, hukupewa ili uionyeshe ukumbini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lililozifanya zikusanywe. Usidhani kwamba kufuta majina kunamaliza kazi. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani maneno ambayo wateja wake waliyatafuta mtandaoni, ikiwa imeweka namba mahali pa majina, na haikuchukua siku nyingi kabla waandishi wa gazeti la New York Times kumfikia mmoja wa wateja hao hadi nyumbani kwake. Kwa chama cha kijiji mambo ni mepesi zaidi: mwaka wa kujiunga, kitongoji na kiasi cha mkopo vinatosha kumfanya jirani aseme, "Huyu ni fulani." Irudishe orodha hiyo kwa wenyewe na uifute kwenye flashi.

Data za maua hazina kosa lolote, ila hazitakusaidia. Zilichapishwa na Ronald Fisher mwaka 1936, nazo ni vipimo vya maua 150 ya aina tatu, vizuri sana kwa mwanafunzi anayejifunza kupanga vitu katika makundi. Mbele ya watu wanaoishi kwa kahawa na migomba, hata ukikosea nusu ya tarakimu hakuna atakayegutuka, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Data ya maonyesho inayofaa ni ile ambayo aliyekaa kwenye kiti cha nyuma anaweza kuikosoa, maana mtu akianza kutafuta kijiji chake katika programu yako, ameshaacha kuwa mtazamaji na amekuwa mtumiaji.

Kwa hiyo rafiki yako amekushauri vyema. Seti anayoizungumzia ilitokana na kazi ya jukwaa la mtandaoni liitwalo Taarifa pamoja na Wizara ya Maji, na hupatikana katika DrivenData, tovuti ya mashindano ya kuchambua data, kama data ya shindano. Faili yake kuu ina mistari 59,400, kila mstari ukiwa kituo kimoja cha maji, na zaidi ya mistari 4,000 ni ya Mkoa wa Kilimanjaro. Kila kituo kimewekwa katika moja ya hali tatu: kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, au hakifanyi kazi. Kuna wilaya, kata, chanzo cha maji, longitudo na latitudo (namba zinazoonyesha mahali kituo kilipo duniani), yaani ramani yako, kisanduku chako na chati zako vyote vimo. Soma masharti ya shindano kabla ya kuiweka faili hiyo hadharani kwenye seva yako, kwa sababu kuruhusiwa kupakua kitu na kuruhusiwa kukisambaza ni mambo mawili.

Hata hivyo, ifungue kwanza kwa macho yako kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Mimi sikufanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Arusha, niliionyesha ramani ya seti hiyo nikiwa na uhakika wote, mpaka mzee mmoja kutoka Shinyanga aliponiomba nimtafutie kisima cha kwao. Nikaandika jina la kijiji, nikabofya, na ramani ikateleza kuelekea magharibi, ikavuka Kongo, ikatulia kwenye maji ya bluu ya Ghuba ya Guinea. "Kumbe mmekitosa baharini," akasema, na ukumbi mzima ukacheka. Mistari zaidi ya 1,800, yote ya Mwanza na Shinyanga, ina sifuri mahali pa longitudo, kwa sababu aliyekosa kipimo alijaza sifuri badala ya kuacha wazi. Mwaka wa ujenzi nao umejazwa sifuri katika mistari zaidi ya 20,000, na ukichora chati ya umri wa vituo bila kuiondoa, utawaambia watu kwamba kuna bomba lenye umri wa miaka elfu mbili.

Kuna mtego mwingine ambao humnasa Mtanzania kuliko mgeni. Safu moja inaitwa amount_tsh, na kila mmoja wetu akiiona husoma shilingi. Sivyo, herufi hizo zinahusu kimo cha maji yanayosukuma kituo, wala hakuna hela yoyote humo. Soma maelezo ya safu, yote, hata kama yanachosha.

Chukua mistari ya Kilimanjaro peke yake. Utaepuka zile longitudo za sifuri, na simu ya mtazamaji haitalazimika kuchora nukta 59,400. Halafu badilisha maneno ya faili yawe ya wenyeji: maji mengi ya mlimani hutoka kwenye chemchemi na kushuka yenyewe kwa mteremko, hivyo ukiandika "pampu" kila mahali utachekwa, ilhali ukiandika "kilula", yaani bomba la umma la kuchotea maji, utaeleweka. Juu ya ramani weka, kwa herufi zinazosomeka, kwamba taarifa nyingi zilikusanywa kati ya 2011 na 2013. Mtu wa Machame akisimama na kusema kilula hicho kilishatengenezwa, usijitetee; mwonyeshe kitufe cha kurekebisha taarifa, ambacho nakusihi ukitengeneze kabla ya chati ya pili.

Ukitumia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na wachangiaji, kama msingi, jina la wachangiaji wake lazima lionekane pembeni.

SWALI: Mimi ninapenda data zinazojisasisha zenyewe, kwa mfano za matetemeko ya ardhi. Je, hazivutii zaidi katika maonyesho? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha.

JIBU: Zinavutia siku zikikubali. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, hutoa orodha ya matetemeko ya dunia nzima inayosasishwa kila baada ya dakika chache, bila malipo, na programu huisoma kwa urahisi. Lakini ukiomba matetemeko ya siku saba zilizopita karibu na Arusha, huenda ukapata ramani tupu, ukabaki unawaeleza watu jinsi ambavyo ingependeza kama ardhi ingetikisika. Afadhali uchukue kumbukumbu za Julai 2007, wakati wa matetemeko yaliyotangulia mlipuko mkubwa wa volkano ya Ol Doinyo Lengai, likiwamo la ukubwa wa 5.9 la tarehe 17. Wakazi wengi wa Arusha walilisikia, na watakueleza walikuwa wapi. Nakala hiyo ihifadhi ndani ya kompyuta yako mpakato, kisha zima intaneti nyumbani na ujaribu kila kitufe, ukianza na ramani, kwa sababu picha zake hutoka mtandaoni hata pale data zako zikiwa mezani.