Jibu: Rangi inatambaa kama miguu ya buibui kwenye bawa la modeli ya ndege ya Spitfire

Mkuu, eabrashi yako (kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa) haina tatizo. Umesema kompresa, yaani pampu ya hewa, iko psi 30 (kipimo cha shinikizo) na unapulizia karibu kabisa na bawa. Hewa hiyo inaisukuma rangi kabla haijashika. Shusha hadi psi 15 hivi, nozeli (tundu la kutolea rangi) ya 0.3 mm inatosha hapo kwa rangi ya akriliki, kisha rudi nyuma sentimita 5 hadi 8. Nahisi na thina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) imezidi. Pandisha rangi kidogo kwa brashi kwenye ukuta wa kikombe cha rangi cha eabrashi: ikichuruzika yote bila kuacha utando, ongeza rangi.

Kazi kubwa iko kwenye kidole. Bonyeza kitufe hewa itoke, ndipo uvute nyuma rangi ije. Ukimaliza, rudisha mbele kwanza, hewa uiachie mwisho. Ukiachia vyote kwa pamoja, rangi inabaki kwenye ncha ya sindano na mpulizo unaofuata unatema matone. Fanyia mazoezi kwenye chupa tupu ya maji. Karatasi inanyonya, itakudanganya kwamba umeshaweza. Na barakoa ya vichujio uvae, hata kama kopo limeandikwa kwamba rangi ni ya maji.