Wasomaji Wanauliza: Namna ya Kusoma Takwimu za Kilimo za Kila Mwezi

Barua mlizotuandikia kuhusu taarifa za kila mwezi za mazao, mifugo, bei na ajira mashambani zimezidi nafasi tuliyo nayo, nasi tumechagua tano. Karibu zote zina wasiwasi wa aina moja: msomaji ameiona tarakimu ya mwezi, imemshtua, na anataka kujua achukue hatua gani kabla mwezi mwingine haujaandama.

Swali: Mimi ni mkulima wa nafaka. Taarifa ya mwezi huu inasema bei imeshuka kwa asilimia 12 ikilinganishwa na mwezi uliopita. Jirani yangu anauza kila alichovuna kabla bei haijaanguka zaidi. Je, nami niuze?

Jibu: Ndugu msomaji, usiuze kwa sababu ya tarakimu hiyo peke yake. Nafaka huvunwa mara moja au mbili kwa mwaka lakini huliwa kila siku, na kwa hiyo bei yake ina mwendo wake unaojirudia: huanguka maghala yanapojaa, kisha hupanda polepole kadiri akiba inavyopungua, hadi kufika kileleni majuma machache kabla ya mavuno mapya. Kuulinganisha mwezi wa mavuno na mwezi uliotangulia ni kulinganisha wakati wa shibe na wakati wa uhaba, na jibu la ulinganisho huo linajulikana hata kabla ya kupima. Linganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana, na ikiwezekana na wastani wa mwezi huo kwa miaka mitano. Tuseme fahirisi ya bei, yaani tarakimu inayoonyesha mwendo wa bei, ilikuwa 100 mwezi uliopita na sasa ni 88. Kama mwezi kama huu mwaka jana ilikuwa 80, basi bei unayoiita mbaya ni ya juu kwa asilimia 10 kuliko ya mwaka jana, na unachokiona si kuporomoka bali ni msimu.

Hata hivyo, sisemi kwamba kuhifadhi ndiko daima kuna faida, kwa maana nimewaona wakulima wengi wakishauriwa wangoje bila mtu yeyote kuwafanyia hesabu. Chukua magunia 20 yenye thamani ya 100 kila moja, kwa fedha yoyote ile. Ukiuza leo unapata 2,000. Ukingoja miezi mitano na bei ikafika 125, huku wadudu na unyevu wakikupotezea asilimia 10 ya nafaka, utauza magunia 18 na kupata 2,250. Faida hiyo ni ya kweli kwa asiyedaiwa. Lakini kama unadaiwa zile 2,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, miezi mitano ya kungoja inakugharimu 300, na mkononi zinabaki 1,950, kabla hujalipia magunia, dawa na ghala. Mwenye deni na mwenye ghala bovu wanaweza kufanya uamuzi sahihi kwa kuuza mapema, ilhali mwenye ghala kavu na asiyedaiwa anapoteza kwa kufanya vivyo hivyo. Huenda jirani yako ana sababu zake, nawe ukawa huna hata moja kati yake.

Swali: Ripoti ya uzalishaji ilisema mavuno yamepungua kwa asilimia 10 tu, lakini bei ilipanda kwa karibu theluthi moja. Je, huu si ulanguzi?

Jibu: Ulanguzi upo, nao hustahili kuchunguzwa, lakini hauhitajiki ili jambo hili litokee. Watu hawapunguzi chakula cha msingi kwa urahisi. Bei inapopanda huacha kwanza mambo mengine, na kwa hiyo upungufu mdogo wa mavuno husukuma bei mbali sana kabla walaji hawajaanza kupunguza wanachonunua. Hili liliandikwa Uingereza tangu mwaka 1699 na Charles Davenant, mwandishi wa mambo ya uchumi, katika makadirio ambayo wengi huyahusisha na Gregory King, mtakwimu wa zama zake: mavuno ya nafaka yakipungua kwa asilimia 10 bei hupanda kwa asilimia 30, yakipungua kwa asilimia 20 bei hupanda kwa asilimia 80, na yakipungua kwa nusu bei hupanda kwa asilimia 450. Tarakimu hizo ni za enzi yake na hazifai kubebwa kama zilivyo, kwa kuwa leo biashara kati ya nchi na nchi na akiba za maghala hupunguza makali. Umbo lake lakini bado ni lile lile, kwamba kila hatua ya upungufu huuma kuliko ile iliyoitangulia.

Angalia pia nani anafaidika. Kwa kipimo cha Davenant, wakulima wote kwa jumla wakipoteza sehemu moja ya kumi ya mavuno huuza 90 badala ya 100, kwa bei ya 1.3, na kupata 117. Jumla hiyo inaficha dhuluma kubwa, kwa kuwa fedha hizo zote huwaendea wale ambao mvua haikuwapita, huku aliyepoteza kila kitu akigeuka mnunuzi sokoni katika mwezi ule ule wa bei ghali. Kwa sababu hiyo taarifa inayosema kwamba mapato ya wakulima yameongezeka katika mwaka wa ukame inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado isiwe na habari njema kwa kaya nyingi.

Swali: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limetangaza kwamba bei za vyakula duniani zimeshuka. Mbona sokoni hatuoni nafuu?

Jibu: Fahirisi ya FAO hupima bei za bidhaa zinazouzwa kati ya nchi na nchi kwa shehena kubwa, tena kwa dola, katika makundi matano: nafaka, mafuta ya mimea, maziwa na mazao yake, nyama na sukari. Uzito wa kila kundi umetokana na sehemu yake katika mauzo ya nje ya miaka 2014 hadi 2016, ambacho ndicho kipindi kinachohesabiwa kuwa 100. Hakuna humo gharama ya lori, ya kusaga, ya kufungasha, ya kodi wala ya pango la duka. Sarafu yako ikishuka thamani dhidi ya dola mwezi ule ule ambao fahirisi imeshuka, nafuu yote inaweza kumezwa bandarini. Kumbuka vilevile kwamba kushuka hupimwa kutoka mahali fulani: mwezi Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, fahirisi ilifika karibu 160, na kushuka kutoka kilele kama hicho si kurudi kwenye bei za zamani.

Swali: Idadi ya ng'ombe waliochinjwa imeongezeka kwa miezi mitatu mfululizo. Wenzangu katika chama chetu cha wafugaji wanasema ufugaji unastawi. Mimi sina uhakika.

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, na ninakushukuru kwa kuuliza, kwa kuwa hapa ndipo ninapoona taarifa za mwezi zikisomwa vibaya zaidi. Mnyama ni bidhaa na kiwanda kwa wakati mmoja. Jike anapopelekwa machinjioni, huhesabiwa kama uzalishaji wa mwezi huu, ingawa kilichoondoka ni ndama wa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza taarifa hiyo ni hili: kati ya waliochinjwa, majike na mitamba ni sehemu gani? Ikiwa sehemu yao inapanda, mifugo inapungua hata kama nyama inaongezeka, na mara nyingi chanzo ni malisho kukauka, chakula cha mifugo kupanda bei, au madeni.

Kinyume chake nacho huchanganya. Wafugaji wanapoanza kuwa na matumaini huwazuia mitamba wasiuzwe, wanyama wachache hufika sokoni, na taarifa huonyesha uzalishaji ukianguka na bei ikipanda, wakati hasa ambapo zizi linajengwa upya. Ujenzi huo ni wa polepole. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, mtamba huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, na ndama wake huhitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuchinjwa. Uamuzi wa leo wa kumwacha mtamba mmoja huonekana sokoni baada ya miaka mitatu au minne. Nchini Marekani, ambako idadi ya ng'ombe imefuatiliwa kwa muda mrefu, kupanda na kushuka kwake kumekuwa na mzunguko wa takriban miaka 10.

Mnyama mwingine ana saa nyingine. Nguruwe hubeba mimba siku 114, na watoto wake hufaa kuuzwa baada ya miezi mitano au sita. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mchumi Mjerumani Arthur Hanau alichunguza bei za nguruwe nchini mwake na kuonyesha jinsi bei nzuri inavyowafanya wafugaji waongeze majike kwa pamoja, wote wakafika sokoni kwa pamoja, na bei ikaanguka. Walioathirika hupunguza majike kwa pamoja, na uhaba unaofuata huirudisha bei juu. Kuku wa nyama yuko karibu zaidi na kalenda ya taarifa zetu, kwa kuwa yai huanguliwa kwa siku 21 na kifaranga hufaa kuuzwa baada ya majuma sita hivi. Kwa hiyo taarifa ya mwezi ya kuku inaweza kukuambia jambo kuhusu msimu huu huu, lakini ya ng'ombe inakueleza zaidi maamuzi yaliyofanywa miaka iliyopita.

Ningewashauri wenzako katika chama wafuatilie pia kipimo kimoja ambacho mfugaji yeyote anaweza kukipiga mwenyewe: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za nafaka mwezi huu, na alikuwa ananunua ngapi mwezi kama huu mwaka jana? Ukame hushusha bei ya mnyama aliyekonda na kupandisha bei ya nafaka kwa wakati mmoja, na uwiano huo huanza kuanguka mapema, kabla watu hawajaanza kuhama. Wanaofuatilia dalili za njaa katika nchi za wafugaji wamekuwa wakiutumia kwa miaka mingi, na mimi huusoma kabla ya jedwali lingine lolote.

Swali: Takwimu zinaonyesha wanaofanya kazi katika kilimo wamepungua sana, lakini kijijini kwetu kila mtu bado yuko shambani. Je, takwimu zinadanganya?

Jibu: Hazidanganyi, ila zinahesabu kitu tofauti na unachokiona. Sababu ya kwanza ni juma la kipimo. Tafiti za nguvukazi humuuliza mtu alifanya nini katika juma moja lililotajwa. Juma hilo likiangukia palizi au mavuno, mashamba yamejaa vibarua na ujira wa siku umepanda. Likiangukia kati ya misimu, watu wale wale huhesabiwa kuwa mafundi, wachuuzi au wasio na kazi. Ndiyo maana ujira wa vibarua nao hulinganishwa na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Tena uangaliwe kama unalipwa kwa siku au kwa kipande, kwa kuwa kibarua wa kipande anaweza kuonyesha ujira mkubwa zaidi kwa sababu tu amefanya kazi hadi giza limeingia.

Sababu ya pili haijulikani sana, nami naiona kuwa nzito kuliko ya kwanza. Mwaka 2013, Mkutano wa 19 wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, ulioitishwa Geneva na Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliamua kwamba ajira ni kazi inayofanywa kwa malipo au kwa faida. Anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha kaya yake anafanya kazi, na mkutano ulilisema hilo waziwazi, lakini kazi yake huwekwa katika fungu jingine, nje ya ajira. Nchi inapoanza kutumia kanuni hiyo, idadi ya walioajiriwa katika kilimo inaweza kuanguka sana kati ya utafiti mmoja na mwingine bila mtu yeyote kuweka jembe chini. Wanaotoweka kwenye jedwali la ajira kwa wingi ni wanawake, kwa kuwa katika sehemu nyingi ndio wanaolima shamba la chakula ilhali zao la kuuza linaandikwa kwa jina la mume.

Siipingi kanuni yenyewe, kwa kuwa inatuwezesha kumtofautisha anayepata kipato na anayejilisha tu, na tofauti hiyo serikali inapaswa kuiona. Ninachopinga ni tabia ya kuchapisha jedwali la ajira na kuliacha lile la kazi ya matumizi ya kaya likae kabatini. Mkutano ule ule uliagiza vyote viwili vipimwe. Unaposoma kwamba kilimo kimepoteza wafanyakazi, tafuta kwanza kama utafiti umebadili kanuni kati ya mwaka unaolinganishwa na mwaka huu, kisha uombe jedwali la pili kutoka kwa ofisi iliyotoa la kwanza.