Daraja la Pili Si Hatua ya Pili

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, alianza kutokwa na damu miaka kumi baada ya kukoma hedhi. Madaktari walimkata kipande kidogo cha nyama ya mji wa mimba (kinyama) ili kipimwe, na majibu yakaandikwa "adenokasinoma ya endometrioidi, daraja la 2". Je, ugonjwa umefika hatua ya pili? Na mbona jirani yetu mwenye saratani ya hapo hapo aliandikiwa "kasinoma ya serosi"?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Adenokasinoma ni saratani inayoanzia kwenye seli za tezi. Hatua hueleza saratani imeenea hadi wapi, nayo hupangwa hasa baada ya upasuaji. Daraja hueleza jinsi seli zinavyoonekana kwenye hadubini. Katika aina ya endometrioidi, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi, seli bado hujaribu kujenga vijitezi vinavyofanana na vya utando wa kawaida wa mji wa mimba. Sehemu iliyoshindwa kujenga vijitezi na kubaki bonge tupu ikiwa haizidi asilimia 5, hilo ni daraja la 1. Kati ya 6 na 50, la 2. Ikizidi 50, la 3. Mabaka yanayofanana na seli za ngozi hayahesabiwi humo, na viini vya seli vikiwa vimeharibika mno, daraja hupandishwa kwa ngazi moja.

Serosi ina tabia nyingine kabisa. Kwa kawaida huota kwenye utando uliosinyaa wa mwanamke mtu mzima, bila kuchochewa na estrojeni (homoni ya kike), ikiwa na vijidole vidogo vidogo na viini vikubwa visivyolingana, na mara nyingi protini ya p53 huonekana si ya kawaida. Haipangiwi daraja: huhesabiwa kali tangu mwanzo, kwani huweza kufika kwenye utando wa tumbo hata inapoonekana ndogo. Kuna aina nyingine mbili, ya seli angavu na kasinosakoma, ambazo ni adimu zaidi, nazo ni kali.

Tangu mwaka 2013 saratani ya utando wa mji wa mimba hugawanywa pia kwa jeni, katika makundi manne. Kwa hiyo, ili kusaidia kujua kundi lake, ulizeni kama kinyama kilipimwa p53 na protini za kurekebisha makosa ya DNA. Protini hizo zikikosekana, huenda kuna sindromu ya Lynch, hali ya kurithiwa inayoongeza hatari ya saratani, na hapo wewe na ndugu zako mtahitaji ushauri wenu wenyewe. Msishangae pia daraja likibadilika baada ya upasuaji, kwa kuwa kinyama ni kipande tu cha uvimbe.