Nembo ya gereji ya pikipiki za oda ianzie wapi?

SWALI: Nina gereji mjini Arusha. Mwanzoni tulikuwa tunafanya matengenezo ya kawaida, lakini kwa miaka mitatu sasa kazi yetu kubwa ni kujenga upya pikipiki kuukuu kwa oda ya mteja, hasa Honda XL na Yamaha DT: tunafupisha fremu upande wa nyuma, tunatengeneza kiti kipya, tunabadilisha bomba la moshi na kupuliza rangi. Wateja hunipata kwa kuambiana, na sasa nataka gereji iwe na utambulisho wake. Kijana mmoja amenichorea nembo yenye ngao, mabawa, fuvu na pistoni mbili. Kwenye simu inapendeza, ila rafiki yangu anasema inafanana na ya Harley-Davidson. Jina nililofikiria ni "Arusha Pikipiki Maalumu". Nianzie wapi, na je, kusajili jina BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) kunatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako ameona sawasawa. Ngao inayokatwa na ubao wenye maandishi ni alama ya Harley-Davidson tangu mwaka 1910 hivi, na si alama ya kuchezea. Hata hivyo, kama sheria isingekuwapo, bado ningekushauri uuache mchoro huo, kwa kuwa hausemi lolote kuhusu kazi yako. Fuvu, mabawa na pistoni vinaweza kubandikwa na gereji yoyote, iwe ya Arusha au ya California, na mteja akiviona hapati njia ya kukutofautisha na fundi wa mtaa wa pili.

Zitazame alama zilizodumu katika biashara hii uone zilikotoka. Alama ya Yamaha ni vyuma vitatu vya kupimia sauti vilivyopishana, kwa sababu kampuni hiyo ilianza na vinanda mwaka 1887, miaka mingi kabla ya pikipiki yake ya kwanza ya mwaka 1955. Duara la BMW lina bluu na nyeupe za jimbo la Bavaria; lilisajiliwa mwaka 1917, ilhali pikipiki ya kwanza ya BMW, yaani R 32, ilitoka mwaka 1923. (Ile hadithi kwamba duara hilo ni pangaboi la ndege linalozunguka ilipata nguvu kutokana na tangazo la mwaka 1929.) Alama hizo mbili hazikuchorwa ili zionekane za pikipiki, bali zilichukua kitu cha kweli cha watu waliozianzisha, kazi yao au kwao, na pikipiki zikaja baadaye zikaubeba ukweli huo.

Kwa hiyo usianzie kwenye kalamu. Chukua pikipiki tano au sita za mwisho mlizojenga, au picha zake ikiwa zimeshaondoka, uzipange kwa ubavu na kujiuliza ni kitu gani kinajirudia bila ninyi kukiamua. Pengine mstari wa chini wa tangi hunyooka moja kwa moja hadi kwenye kiti. Pengine fundi wako wa viti hushona mishono miwili sambamba na hakuna mwingine mjini anayefanya hivyo. Pengine mnaacha pikipiki juu ili ipite kwenye mawe, wakati wengine huziinamisha zifanane na za picha za Ulaya. Kitu hicho kinachojirudia ndicho mbegu ya nembo, na pia ndicho kitakachokuonyesha oda za kukataa. Gereji inayopokea kila ombi la mteja haiwezi kuwa na utambulisho, hata ikimlipa mchoraji bora kuliko wote, kwa sababu pikipiki inayotoka mlangoni ni tangazo kubwa kuliko bango lolote. Kuhusu alama za mahali, naomba uwe mwangalifu: Mlima Meru, twiga na ngao ya Kimaasai tayari vimebebwa na magari ya utalii kila kona ya Arusha.

Sasa nieleze sehemu ambayo wachoraji wengi wa kwenye kompyuta huikosea, nami niliwahi kuikosea. Katika miaka yangu ya mwanzo nilimchorea mteja mmoja nembo yenye vivuli na rangi zinazofifia taratibu kutoka moja hadi nyingine. Ilipopelekwa kudariziwa kwenye ovaroli ikawa doa, na ilipokatwa kwenye stika vivuli vyote vikapotea. Alilipa mara mbili kwa kosa langu, na tangu hapo sikubali nembo kabla haijapita katika vifaa vyenyewe. Nembo ya gereji yako itaishi juu ya chuma, ngozi, kitambaa na karatasi ya risiti, kwa hiyo ni lazima isimame kwa rangi moja tu, bila kivuli, na isomeke ikiwa na upana wa milimita 20, ambao ni takriban ukubwa wa kibati cha kupachika kwenye fremu. Kwa kudarizi, herufi zilizo fupi kuliko milimita 5 hujaa uzi na kuzibana. Ichapishe nembo kwenye karatasi, ikate, uibandike kwenye tangi halisi, kisha urudi nyuma hatua kumi. Tangi lina mpindo wa pande mbili kwa wakati mmoja, na duara lililokuwa kamili juu ya meza litaonekana limevutwa. Ndiyo maana maumbo mapana na mafupi hukaa vizuri pale kuliko maumbo marefu.

Pia uzingatie mafuta na moto. Petroli inayomwagika wakati wa kujaza tangi hulegeza kingo za stika iliyobandikwa juu ya rangi, kwa hiyo stika au mchoro wa tangini uwekwe chini ya vanishi inayochanganywa na kigumishi. Kwenye bomba la moshi usibandike chochote. Ukitaka alama pale, ichongwe au igongwe kwa muhuri wa chuma. Kwa hakika ningependa uwe na muhuri huo mapema kuliko bango: fundi wa mashine anaweza kukuchongea, na kila pikipiki ikimalizika mkagonga nembo pamoja na namba ya mfululizo, 001, 002 na kuendelea, kwenye kibati cha alumini, huku namba hiyohiyo ikiandikwa katika daftari la kazi pamoja na sehemu zilizobadilishwa. Mnunuzi wa pili au wa tatu atakapokuja na kibati hicho, mtajua mara moja mlifanya nini. Jambo moja tu: kibati chenu kisifunike wala kukaribia namba ya fremu na namba ya injini, kwa kuwa hizo ndizo utambulisho wa pikipiki kisheria, nazo hazigongwi, hazikwanguliwi wala kupakwa rangi nzito.

Kwa rangi, chagua moja kuu na moja ya kusaidia, kisha umwombe mpuliza rangi akuandikie mchanganyiko wake kwa gramu, au mtumie namba ya orodha ya RAL, mfumo wa Kijerumani ulioanza mwaka 1927 kwa rangi 40. Namba hiyo huhakikisha kwamba pikipiki ya mwakani itafanana na ya leo, jambo ambalo jicho na kumbukumbu haviwezi kuahidi. Nyekundu za bei nafuu hupauka upesi juani, na Arusha mko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako jua ni kali kuliko hali ya hewa inavyodanganya.

Kwa herufi nina pendekezo ninaloliamini sana. Kabla ya kuchagua herufi za kompyuta, mtafute mmoja wa wachoraji wanaoandika kwa brashi kwenye malori na daladala, umpe jina lako na tangi kuukuu, na umwache aliandike mara kumi. Mkono uliozoea kuzungusha brashi kwenye bati lililopinda unajua herufi ipanuke wapi, na kati ya majaribio hayo kumi patapatikana moja la kupigwa picha na kuchorwa upya kwa usahihi. Hapo mtakuwa na mwandiko usio wa mtu mwingine.

Tukija kwenye jina, "Arusha Pikipiki Maalumu" linaeleza mahali na huduma, na hapo ndipo penye udhaifu wake: maneno yanayotaja tu huduma au mahali ni vigumu kusajiliwa kuwa alama ya biashara, maana kila mfanyabiashara wa Arusha ana haki ya kuyatumia. Tafuta neno moja fupi la Kiswahili ambalo mgeni anaweza kulitamka na ambalo linatokana na ile mbegu uliyoipata. Usiingize jina la Honda wala Yamaha ndani ya jina au nembo yako. Kusema katika maelezo kwamba mnajenga upya Honda XL ni jambo jingine, kwa sababu hapo unaeleza kazi tu.

Usajili wa jina la biashara BRELA ni wa lazima lakini hautoshi. Unakutambulisha kuwa ndiwe unayefanya biashara kwa jina hilo, ila haukupi haki ya pekee juu ya nembo. Haki hiyo hutokana na kusajili alama chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, hukohuko BRELA, na ulinzi wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Maombi hufuata madaraja ya kimataifa: daraja la 37 ni la huduma za ukarabati, la 12 ni la vyombo vya usafiri vyenyewe, na la 25 ni la mavazi. Kwako ningeanza na 37, kisha 25 utakapoanza kuuza fulana. Usajili wa Bara haufiki Zanzibar, ambako kuna sheria na wakala wake wa usajili, kwa hiyo ukipata wateja Unguja itakubidi ufanye maombi mengine.

Kijana aliyekuchorea usimwache. Mwite gerejini akae siku mbili akiangalia kazi, achore upya kutokana na alichokiona, kisha muandikiane hati fupi kwamba haki zote za mchoro zinahamia kwako kwa malipo mliyokubaliana. Akukabidhi faili la vekta, yaani lile linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa ukuta bila kupoteza makali yake. Picha ya simu pekee haitamsaidia mkata stika wala mchonga muhuri.