Ukipewa kazi nyingine baada ya yako kufutwa, usikatae kwa mdomo

Ninyi mlioingia kazini juzijuzi bado hamjaiona Ijumaa ya namna ile, na naomba iwachelewe. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, nahesabu maboksi ya betri, nikaitwa utumishi. Nilikuwa storekipa kwa miaka 9 katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Dada wa utumishi akanisogezea karatasi moja: stoo mbili zinaunganishwa, nafasi yangu imefutwa, ila nimetafutiwa kazi nyingine. Afisa mauzo, Sumbawanga. Mshahara wa msingi 400,000 na kamisheni juu yake. Chombo cha kazi, pikipiki. Nijibu Jumatatu.

Mimi pikipiki hata kuiwasha sijui.

Neno lililonijia ni "sitaki", tena kwa sauti. Kilichoniokoa ni koo kukauka. La mwenzangu wa stoo ya pili halikukauka. Yeye alipewa Mpanda. Akaitupa karatasi mezani, akasema heri akauze karanga Mbagala, akatoka. Wiki iliyofuata barua yake ya kuachishwa ikasema amekataa kazi mbadala bila sababu ya msingi, kwa hiyo kiinua mgongo hana.

Maneno hayo hawakuyatunga wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayepunguzwa, akiwa amefanya kazi mfululizo angalau miezi 12, alipwe kiinua mgongo kisichopungua siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka 10. Lakini akikataa kazi mbadala pasipo sababu ya maana, iwe kwa mwajiri huyo huyo au kwa mwingine, haki hiyo inamtoka. Sheria yenyewe haikuorodheshei sababu zenye maana. Zako zisipokuwa kwenye karatasi, atakayekuandikia ni mwajiri, na mmeshaona alivyomwandikia mwenzangu.

Jioni ile nikakaa na kikokotoo. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 780,000, kazi siku 6 kwa wiki, kwa hiyo siku moja ni kama 30,000. Siku 7 ni 210,000. Mara miaka 9, ni 1,890,000. Si utajiri, lakini ni kodi ya nyumba na ada.

Halafu nikaupiga upande wa pili, ambao wengi hawaupigi. Nikikubali Sumbawanga, na baada ya miezi 6 wakanipunguza tena, kiinua mgongo kwa kawaida hupigwa kwa mshahara ulionao siku unayoondoka. Kwa 400,000, miaka yangu ile ile 9 inashuka chini ya milioni moja. Na kama wangenisainisha mkataba mpya usiotaja miaka ya nyuma, ningeweza kuambiwa naanza sifuri. Kwa hiyo kukubali harakaharaka nako kuna gharama yake, hata kama dada wa utumishi anakwambia kwa upole "saini tu kaka, mengine tutayaona mbele".

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sababu saba. Nikampelekea kaka yangu, ambaye aliwahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Akachukua kalamu nyekundu. "Mauzo ni kazi ya vijana", akakata. "Msimamizi wa kule nilimfundisha mimi kazi", akakata huku anacheka. "Sumbawanga ni mbali", akaandika pembeni: mbali na nini? Hapo ndipo nilipoelewa. Umbali peke yake ni lalamiko tu. Mama yangu anayekaa kwangu, mwenye kliniki ya kisukari kila mwezi na asiye na mtu mwingine wa kumpeleka, mimi nikiwa zaidi ya kilomita 1,000, hiyo ni sababu. Na inakuja na nakala ya kadi ya kliniki.

Zikabaki tatu: mshahara wa msingi kushuka karibu nusu, kazi kuhitaji leseni na ujuzi ambao sina, na mama. Kiburi changu chote kilibaki chini ya wino mwekundu. Kiliniuma, sitawaficha.

Kisha kaka akanifanya niongeze aya ambayo nisingeifikiria: kwamba kazi siikatai. Niko tayari kuwa karani wa mizigo au kusimamia zamu ya usiku hapa Dar, hata kwa mshahara pungufu kidogo, nafasi ikiwapo. Mwisho nikauliza: miaka yangu itaendelea kuhesabiwa? Nani analipa kuhamisha familia? Nikijaribu miezi mitatu nikashindwa, nitaondoka kwa masharti gani? Nikatoa nakala mbili, moja wakaigonga muhuri wa kupokelewa, nikarudi nayo.

Dada wa utumishi alianza kuisoma amesimama. Akafika katikati, akavuta kiti, akakaa. Maswali yangu hayakujibiwa na nafasi ya Dar haikupatikana, lakini barua yangu ya mwisho haikuwa na neno "amekataa". Nililipwa kiinua mgongo, notisi, likizo ambayo sikuwa nimeitumia, na nikadai cheti cha utumishi kabla sijatoka getini.

Mwenzangu alikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi, lakini alichelewa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe kule ndani ya siku 30. Yeye alinuna kwanza, siku zikapita, akaanza na ombi la kuongezewa muda. Baadaye walielewana na kampuni, kiasi hakuniambia.

Jambo moja dogo kabla sijasahau: kabla ya barua hizo sheria inamtaka mwajiri akae na wafanyakazi, aeleze sababu na njia za kuepuka kupunguza watu. Mkiitwa kwenye kikao hicho msikae kimya mkisubiri soda. Ulizeni palepale nafasi zipi ziko wazi na wapi.

Na ile kazi ya Sumbawanga aliichukua kijana wetu wa magari. Ana leseni, hana mke, na kwao ni Namanyere, mkoa huo huo. Alisaini siku hiyo hiyo, na kwa hesabu zake alikuwa sahihi kabisa. Mwezi uliopita alinitumia samaki, migebuka, kwa basi.